Michenzani: Kumuuguza mama ghorofa ya nne

Anayeingia mjini Unguja kwa daladala huyaona majumba ya Michenzani kabla hajafika Darajani. Yamenyooka kama mabehewa ya treni, yakitawanyika pande nne kutoka kwenye mzunguko wa barabara. Chini ni maduka, mafundi cherehani na wauza matunda. Juu, nguo zimeanikwa vibarazani toka ghorofa ya kwanza hadi ya mwisho. Wakaazi huzisoma kamba hizo kama barua. Penye nepi pana mzazi. Penye mashuka matatu kila asubuhi pana mgonjwa asiyeinuka kitandani.

Kamba moja ya namna hiyo iko ghorofa ya nne. Ndani yake mwanamke wa makamo anamuuguza mama yake aliyepatwa na kiharusi. Fleti ina vyumba viwili na ukumbi, na wanaoishi humo ni watu tisa. Bibi amepewa chumba chenye dirisha la barabarani, binti yake analala chini kwenye mkeka ubavuni pake. Chumba cha pili ni cha kijana aliyeoa. Waliobaki hutandika ukumbini baada ya sala ya Isha na kukunja magodoro kabla ya alfajiri.

Bibi huyo hakununua fleti wala hakuikodi. Majumba ya Michenzani yalianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walikuwa wamesaidia kuichora Ng'ambo mpya, na wananchi walichangia nguvu zao katika ujenzi. Nyumba za udongo zilizokuwa njiani zilivunjwa, wenyewe wakapewa fleti. Karume aliuawa Aprili 7, 1972, na ujenzi ukaendelea baada yake. Kwa aliyezoea kuteka maji nje, mfereji wa ndani ulikuwa neema. Bibi alipanda ngazi zile akiwa kijana, mtoto mgongoni, ufunguo mkononi.

Ngazi ndizo zilizobaki vilevile, ila miguu ndiyo iliyozeeka. Lifti hakuna. Saruji imemeguka kwenye kingo, taa za usiku zimeungua, na ukuta unaopakana na bomba la maji machafu una unyevu mwaka mzima. Ndani ya fleti kila mtu hupaka rangi yake. Ngazi ni ya wote, na cha wote hukosa mwenyewe.

Maji yakikosa nguvu ya kupanda, hubebwa kwa madumu. Mgonjwa wa kitandani anakula maji kuliko watu wengine wote wa nyumba: ya kumwogesha, ya kufulia, ya kusafishia choo. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Binti hulala kwa vipande. Saa kumi alfajiri anakaanga maandazi ya kuuza chini, kwani Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, husaidia lakini haimalizi gharama za pampasi na dawa.

Anaposhuka na sinia lake, mlango haufungwi. Jirani wa mkabala huingia bila kubisha, akamgeuza bibi, akampa uji. Watoto wa ghorofa ya chini wakipita kwenda chuoni huchungulia: "Chei chei, bibi!" Naye hujibu kwa upande wa mdomo unaofanya kazi.

Ndiyo maana neno la kaka mtu lilikuwa gumu. Yeye amejenga Fuoni, nyumba ya chini, yenye uwanja na kivuli. "Mleteni kwangu," alisema, "hapa mnamfungia juu kama ndege." Hakusema uongo. Bibi alikuwa hajakanyaga ardhi kwa miezi mitano. Lakini Fuoni, kaka na mkewe huondoka asubuhi, wakarudi magharibi. Saa sita mchana nani atamgeuza? Binti akimfuata mama, maandazi nani atauza?

Bibi aliulizwa. Alichukua muda kuyapanga maneno. "Nyumba yangu ilishavunjwa mara moja," akasema. "Sihami tena."

Binti alinyamaza. Alijua mama yake ana haki, na alijua pia kwamba haki hiyo itabebwa na mgongo wake. Siku ile, mbele ya wote, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema: amechoka. Hakulia wala hakulaumu. Alihesabu tu usiku ambao hajalala.

Wakaafikiana. Kaka atalala kwa mama Alhamisi na Ijumaa, amgeuze yeye mwenyewe, dada apate kulala kwa jirani. Atalipa mbebaji wa maji. Kijana aliyeoa atatafuta chumba cha kupanga ili ukumbi upumue. Watu wa ngazi ile nao wakachanga taa mbili na mfuko wa saruji, wakaziba kingo zilizomeguka.

Siku ya kliniki, vijana wanne walimteremsha bibi kwa kiti cha mbao, mmoja kila mguu wa kiti, binti mbele akihesabu vidato. Bajaji ikampeleka Mnazi Mmoja na kumrudisha. Walipotaka kuinua kiti wampandishe, bibi aliushika mkono wa mmoja wao.

"Ngojeni kidogo, wanangu."

Alitaka kukaa barazani, aone watu. Muuza machungwa akamletea moja lililomenywa. Vijana wakakaa chini, wakasubiri.