Nidhamu ya Mwalimu na Watu Waliomo Nafsini

Katika vyuo vyetu nidhamu ya mwanafunzi huzungumzwa sana. Nidhamu ya mwalimu juu ya nafsi yake huzungumzwa kwa nadra. Sisi tunaofundisha Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, tumeona njia moja ifaayo kujaribiwa.

Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi (1875–1961), alifundisha kwamba katika nafsi ya kila binadamu mna taswira za kale, kama vile mzee mwenye busara, mama na shujaa. Nadharia hiyo ina wapinzani, wala si lazima kuikubali yote. Linalotufaa ni kwamba mtu aweza kumchagua mmoja wao kwa makusudi, akaifanya kazi kama ambavyo huyo angeifanya. Sisi tumewachagua wa Ugogo.

Wa kwanza ni mchungaji. Jioni huhesabu ng'ombe mmoja mmoja, hata akiwa amechoka. Tunaposahihisha madaftari sitini twamwita yeye, ili la mwisho lisomwe kama la kwanza.

Wa pili ni mtunza mbegu. Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili. Katika nchi iliyoona njaa ya Mtunya (1917–1920), kula mbegu ni kula mwaka ujao. Saa ya maandalio ya somo ndiyo mbegu yetu. Haifai kuliwa kwa mazungumzo.

Wa tatu, naye ndiye mgumu, ni mzee wa baraza. Mtoto aingia darasani amechelewa, miguu imejaa vumbi, wenzake wanacheka. Hasira hutaka kutangulia swali. Mzee hahukumu kabla ya kusikia. Basi twamwuliza mtoto, na mara nyingi jibu ni ndoo ya maji. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne. Hasira haina kikomo ila kile ambacho mwalimu hujiwekea mwenyewe.

Hata hivyo yafaa kuonya. Mchungaji akizidi, wanafunzi huwa kundi lisilo na majina. Mtunza mbegu akizidi, mwalimu humnyima muda hata mtoto mwenye shida. Kila mmoja aitwe kwa kazi yake, kisha aagwe. Tena achaguliwe kabla ya kuvuka kizingiti cha darasa, kwani hasira ikishaingia haimpi mtu nafasi ya kuchagua.