Vyumba 52 bila Mikayi

Kasri la Lord Egerton liko Ngata, karibu na Njoro. Ujenzi ulianza 1938, ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukaisha 1954. Vyumba 52, vya mtu mmoja. Maurice Egerton alikuwa mwindaji. Vichwa vya wanyama aliowapiga risasi vilijaza ukumbi mzima kwao Tatton, Uingereza. Alifariki 1958 bila mke wala mtoto, na ulodi wa ukoo wake ukaishia hapo. Shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, kinachotunza kasri.

Mimi na kaka yangu tulitoka Kombewa alfajiri, tukabadilisha matatu Kisumu, tukapanda Kericho. Mtembeza wageni alitusimulia kisa ambacho kila mgeni husimuliwa: mwanamke alimkataa Egerton, naye akapiga marufuku wanawake wote wasikanyage kwake. Watu wakacheka. Kaka yangu ndiye alicheka zaidi.

"Nyumba yote hii bila mikayi? Kwetu huyu hata dala hangeanzisha!"

Kweli. Kimila, Mjaluo haanzishi boma peke yake. Huenda na mke na mwanawe wa kwanza wa kiume, pamoja na shoka na jogoo. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ndiyo hutangulia kujengwa, ikitazama lango. Hata yale mawe makubwa ya Seme yanaitwa Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza.

Lakini mimi si mikayi wa mtu. Kaka zangu wote wana simba zao pale nyumbani. Binti hajengewi simba, na akifa bila kuolewa, mila humzika nje ya ua. Katiba ya 2010 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, hata kwenye ardhi. Kwetu sijawahi kusikia ikitajwa mbele ya wazee.

Ghorofani, kwenye dirisha la nyumba iliyokataza wanawake, nilimwambia kaka nataka kipande cha shamba nijenge.

Akaacha kucheka. "Hiyo ongea na Mzee."

"Nitaongea naye Jumapili. Saa hii nakuuliza wewe."

Hakunijibu. Tulishuka Kericho, tukapita Awasi, kimya. Tulipokaribia Ahero ndipo akageuka.

"Unataka upande gani?"