Bustani ya Watoto Kando ya Ziwa Nyasa

Anayeufahamu mkoa wa Njombe kwa kupita Makambako tu, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Mbeya, huona baridi, viazi mviringo na kabichi. Manda ni nchi nyingine. Kutoka Njombe mjini, ulioinuka takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, gari linashuka kupitia Ludewa hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, usiofika hata mita 500, na makoti yanavuliwa njiani. Wajerumani waliiita bandari hii Wiedhafen. Jina hilo limebaki katika ramani zao. Wenyeji wana Manda yao, mihogo yao na usipa wao wa kuanika juani.

Sisi wa kamati ya msikiti tulikwenda huko kwa sababu ya barua. Wazazi wa shule moja ya msingi, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, walituomba tuwachangie seng'enge ya kuzungushia bustani ya mboga ya klabu ya wanafunzi, kwani mbuzi walikwisha kuimaliza mara mbili. Fedha za sanduku la sadaka ni amana, hazitoki kwa barua peke yake. Ndipo tukaenda kutazama.

Tulikuta matuta kumi na mawili ya mchicha, bamia, matembele na maboga yanayolimwa kwa ajili ya majani yake, yote yametandazwa nyasi kavu ili jua lisinyonye unyevu. Wanachama ni wa darasa la nne hadi la sita. La saba wamesamehewa kwa ajili ya mtihani. Maji huchotwa katika pampu ya shule wala si mtoni, maana Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani jirani na hapo, una mamba, na hakuna mboga yenye thamani ya mtoto. Samadi ni ya mbuzi. Mwalimu mlezi, ambaye si Muislamu, alitueleza kuwa aliwahi kupewa ya nguruwe bure akaikataa kwa adabu, asije mtoto yeyote akazuiwa na wazazi wake kushika jembe. Tulimwombea kheri.

Bustani za shule si jambo jipya. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule nyingi zilikuwa na shamba. Lakini wengi wetu tuliosoma baadaye tunaikumbuka bustani kuwa mahali pa adhabu: aliyechelewa namba alipelekwa kumwagilia, aliyepiga kelele alipalilia, na mboga ziliishia katika vyungu tusivyovijua. Mtoto aliyelelewa hivyo hulichukia jembe hadi uzeeni. Katika klabu hii hapelekwi mtu bustanini kwa kosa, na kila fungu linaloingia katika sufuria ya chakula cha mchana huandikwa. Binti wa darasa la tano ndiye mtunza daftari; alitufungulia kurasa zake kwa uzito ambao sisi makatibu wakubwa mara nyingine tunaukosa.

Jambo zito zaidi ni hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wana udumavu, katika mkoa unaosifika kwa chakula! Na udumavu hujengeka tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili; afikapo darasa la nne, mengi yamekwisha kupita. Kwa hiyo kilichotuvutia zaidi si matuta bali miche. Kila mwanachama hupewa miche ya kwenda kupanda nyumbani, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, ili mama mjamzito na mdogo wake wapate majani katika mlo. Tulizungukia nyumba tatu. Mbili zilikuwa na mboga, ya tatu kuku walitangulia.

Wasiwasi wetu ulikuwa likizo ya Juni. Mvua zimekwisha, watoto wako majumbani, na mwalimu mmoja hawezi kumwagilia matuta yote. Tukawaambia wazazi kuwa seng'enge tutaichangia, lakini kwanza iandikwe zamu ya likizo. Yakazuka majadiliano marefu. Mama mmoja alisema wazi kuwa mtoto hatatoka nyumbani asubuhi kwa ajili ya mboga zisizo zake. Ikakubaliwa kuwa atakayemwagilia ataondoka na mboga za siku hiyo. Tulipowakumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Muislamu ni sadaka kwake, mzee mmoja akatania: basi hata mbuzi wale wametuletea thawabu, uzio wa nini tena? Kicheko hicho ndicho kilichofunga kikao.

Zamu ikaandikwa mbele yetu, kaya kumi na nane, ikabandikwa katika mlango wa ofisi ya shule. Tulisali Alasiri karibu na ufukwe, kisha tukanunua bamia za njiani. Mtunza daftari alikataa katakata kutupa bure: fungu ni shilingi mia tano, na mnunuzi huandikwa jina. Tukaandikwa "Kamati ya Msikiti, mafungu mawili", gari likaanza kupanda mlima.