Nani Atasafisha Malisho ya Archers Post?

Ukitoka mji wa Isiolo kwenda Marsabit, utapita barabara nzuri ya lami. Baada ya muda usiofika saa moja kwa gari utavuka daraja la mto Ewaso Ng'iro. Ng'ambo ya mto ni Archers Post, katika kaunti ya Samburu. Mikoma imesimama kando ya maji. Upande wa kaskazini utaona mlima Ololokwe, ambao juu yake ni tambarare kama meza. Watalii huja huku kuwatazama ndovu na twiga. Sisi maafisa wa nyanjani huja kwa habari ya nyasi, maji na mifugo.

Karibu na kituo hiki kuna uwanda mpana wa mazoezi ya kijeshi. Jeshi la Kenya hufanya mazoezi hapo. Jeshi la Uingereza nalo limefanya mazoezi hapo kwa miaka mingi, kwa mapatano ya serikali mbili. Kambi yake iko Nanyuki. Askari wake wamefanya mazoezi pia upande wa Dol Dol, kaunti ya Laikipia, wanakokaa Wamaasai.

Lakini uwanda huu si wa askari peke yao. Leo mizinga hulia, na wiki ijayo ng'ombe hulisha palepale. Wasamburu walichunga huku kabla ya mzinga wa kwanza kuletwa, na hawana mahali pengine pa kwenda mvua ikikosa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Wakati wa ukame kama ule, nyasi hubaki pale ambapo watu wanaogopa kuingia. Mchungaji aliye na mbuzi wenye njaa atafanya nini? Ataingia.

Na mchungaji mwenyewe mara nyingi ni mtoto. Ukikutana naye njiani atainamisha kichwa umguse, kama desturi yao inavyotaka kwa mtu mzima. Ana fimbo na kibuyu cha maziwa. Hajui kusoma kibao cha Kiingereza. Akiona kitu kinachong'aa mchangani atakiokota, kwa maana watoto wote wa dunia huokota vitu vinavyong'aa.

Tueleze sasa kwa nini bomu hubaki. Bomu au kombora hulipuka kwa sababu ya kifaa kidogo kiitwacho fataki. Likianguka juu ya mchanga laini, au likianguka kwa ubavu, fataki inaweza kukosa kufanya kazi. Bomu halikufa. Limelala tu. Linaweza kulala miaka mingi, kisha likalipuka kwa kuguswa, kwa kugongwa na jiwe, au kwa moto. Kuzeeka hakulifanyi kuwa salama. Kutu huweza kulifanya kuwa la hatari zaidi.

Jambo la pili linahusu kazi yangu, nami nataka mlifikirie sana. Ni mmomonyoko wa udongo. Mahali ambapo nyasi zimeliwa zote, mvua ya saa moja huchukua udongo wa juu. Kilichokuwa chini huonekana. Maji hukisukuma mpaka kwenye laga, na laga hukipeleka mbali na uwanda wa mazoezi. Laga ndipo akina mama wanapochimba visima vya mchanga. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ardhi ilisafishwa mwaka fulani, muulize alisafisha kwa kutazama juu tu, au alichimba pia, na alichimba kina gani. Muulize tena kama alirudi baada ya mvua.

Mzee mmoja wa huko aliniuliza hivi: "Kijana wangu, wewe umesomea udongo. Niambie, ni mwaka gani hapa patakuwa salama?"

Udongo hauwezi kujibu swali hilo. Anayeweza kujibu ni yule aliyepiga. Yeye ana ramani. Anajua alipiga siku gani, kutoka wapi, mabomu mangapi, na mangapi hayakulia.

Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 220. Walikuwa watu walioumizwa na mabomu yaliyoachwa, pamoja na jamaa za waliouawa. Kulikuwa na mabishano kwanza. Waingereza walisema majeshi mengine pia hutumia viwanja hivyo, basi nani ajuaye bomu ni la nani? Neno hilo lina ukweli. Lakini mtoto aliyekatika mkono hana kazi ya kusoma alama za kiwanda. Fedha zile zililipa miili ya watu. Ardhi ni deni jingine.

Mwezi wa Machi 2021 moto ulizuka huko Lolldaiga, Laikipia, wakati askari wa Uingereza wakiwa mazoezini. Zaidi ya ekari 10,000 ziliungua. Wananchi walikwenda mahakamani Nanyuki. Waingereza walisema mahakama ya Kenya haiwezi kuihukumu serikali ya nchi nyingine. Mwaka 2022 mahakama ilisema inaweza kuisikiliza kesi hiyo. Mwaka 2025 wananchi zaidi ya 7,000 walikubaliwa malipo ya karibu pauni milioni 3. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja ni kiasi gani.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inasema anayechafua ndiye anayelipa gharama ya kusafisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa maoni yangu serikali yetu nayo ina sehemu yake. Mwenye kukodisha shamba hukagua kabla ya mpangaji kuondoka.

Wengine wameshaona jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Huko Hawaii kuna kisiwa kiitwacho Kahoolawe. Jeshi la Marekani lilikipiga mabomu toka mwaka 1941 mpaka 1990. Mwaka 1993 bunge lao lilipitisha sheria ya kukisafisha, na dola milioni 400 zikatengwa. Kazi ilikoma mwaka 2004. Karibu robo ya kisiwa haikusafishwa kabisa. Hiyo ni nchi tajiri, yenye sheria na fedha mkononi. Huku kwetu tusikubali kuambiwa kwamba lori moja la askari limezunguka siku mbili na mambo yamekwisha.

Ndiyo maana wazee wa Archers Post wangefaa kudai jambo moja katika baraza: kila zoezi likiisha, chifu apewe ramani ya mahali palipopigwa na hesabu ya mabomu yasiyolipuka, kabla ya mifugo kurudi.

Wakati huohuo, mtu akiona chuma asichokijua asikiguse, wala asikitupie jiwe, wala asiwashe moto karibu. Asikiuze kama chuma chakavu. Arudi kwa njia aliyojia, aweke alama kwa mbali, amwambie chifu au polisi. Watoto wengi huenda malishoni shule zinapofungwa, mwezi wa Aprili, Agosti na Novemba. Mazungumzo haya yafanywe kabla ya hapo, na yafanywe kwa Kisamburu.