Ngitili ya Babu

Ilipofika Agosti, mbuga ikiwa imepasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto na upepo ukinuka vumbi la zizini, babu alichukua fimbo akatangulia kundi, nasi wajukuu nyuma yake na kibuyu cha maziwa ya mgando na michembe mfukoni, mpaka kwenye ngitili, eneo la malisho alilolifunga tangu mvua za kwanza, ambako majani makavu yalitufika kifuani na ng'ombe walitimua mbio kwa kuyanusa tu. Uzio haukuwepo. Neno la wazee lilitosha.

Kisha ngitili zikatuponyoka. Mapori yalishafyekwa tangu enzi za mkoloni kufukuza mbung'o, pamba ikameza mengine, na mwaka 1974 operesheni vijiji ilipotuhamisha, ngitili yetu ikabaki bila mwenyewe. Mama akapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, macho mekundu tangu alfajiri. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ilianza kwa kutuletea vitalu vya miche, lakini kilichorudisha kijani hasa ni kile kile cha babu: kufunga eneo na kusubiri. Visiki vilikuwa hai chini ya udongo. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Babu hakuwahi kuisikia.

Leo ngitili ya kijiji chetu ina ramani, sheria ndogo na faini. Kuchungia ni kwa malipo. Zamani jirani aliyeishiwa malisho alifika jioni, akakaribishwa kigoda na uji, na kulipokucha ng'ombe wake walikuwa ndani. Hakuna aliyehesabu siku. Hilo linaniuma. Lakini ada hizo zimeezeka madarasa mawili, na ngitili zisizo na karatasi nimeona zikigawanywa mashamba kwa kikao kimoja.

Mvua nayo si ile. Tuliingoja Novemba, sasa huweza kuchelewa hadi Krismasi, ikamwagika siku tatu, ikakata. Binamu yangu husubiri utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu ndipo apande mtama wa muda mfupi, mtama ule ule tulioutupa kwa ajili ya mahindi tukiuona chakula cha wanyonge. Watoto wake wanaamia ndege, kama sisi.

Ndugu zangu, kama ngitili ya kwenu bado ipo na bei ya mpunga inawavuta kuilima, nawaombeni kwanza mwulizane ng'ombe watakula wapi Oktoba.