Glandi ya Kulia

Boti ikivuja kwenye usukani, simwulizi mwenyewe maji ni mengi kiasi gani. Namwuliza yanaingia wakati gani. Yakiingia chombo kimetia nanga, hutafuta kwingine kwanza, kwa sababu boti nyingi zikitulia glandi ya usukani huwa juu ya usawa wa maji au karibu nao. Yakiingia inapokaza mwendo na tezi kukaa chini, basi ni hapo. Na yakizidi inapokata kona, najua kabla sijafungua sanduku la spana kwamba pakingi mpya peke yake haitafaa kitu.

Kazi hii nimeifanya Kilifi tangu 1991, mwaka daraja lilipofunguliwa na watu wakaacha kuvuka hori kwa feri. Lakini ufundi wenyewe niliupata Shimoni nilikozaliwa, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, kwa ami yangu aliyekuwa kalafati wa majahazi. Mwanzo nilikuwa msokota pamba tu. Naketi kivulini na furushi langu, nasokota nyuzi nene, nazichovya mafuta, nampelekea. Yeye anazisindilia kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu, huku ametega sikio. Nyundo ikilia kavu, pamba imeshiba. Ikilia butu, anaing'oa yote na kuanza upya, hata kama jua limeshatua na mwenye jahazi amesimama anamngoja. Chini alipaka deheni, mbao za juu sifa, na harufu ya yale mafuta ya papa ilikuwa hainitoki hata nikioga kwa sabuni.

Shimoni ni mlango wa mkondo wa Pemba, na boti za kuvulia nduaro na jodari nilizikuta pale nikiwa mdogo. Wenyewe walipoanza kumwita ami azitazame, alikuwa akienda moja kwa moja nyuma, anainama, anautazama usukani kwa muda mrefu. Usukani wa jahazi unaning'inia nje, umeshikwa na bawaba kwenye fashini. Hakuna tundu lililotobolewa chini kwa ajili yake. Boti ya injini imetobolewa.

"Ukishatoboa chombo, mwanangu," aliniambia, "hilo tundu utalilea mpaka mwisho."

Na ndiyo kazi niliyokuja kuifanya. Tundu lenyewe linalindwa hivi: sakafuni mwa tezi pamefungwa bomba fupi la shaba lenye flenji, na shafti ya usukani inapita katikati yake. Ndani ya bomba kuna bushi inayoishika shafti isiyumbe. Juu ya bushi kuna glandi, nafasi ya kutia pakingi, kamba ya mraba iliyofumwa kwa kitani na kulowekwa mafuta, ambayo hukatwa pete pete. Nati kubwa inazikandamiza pete hizo mpaka zikaibana shafti. Nilipofunguliwa glandi kwa mara ya kwanza niliitambua papo hapo: ni pamba ya ami iliyojengewa nyumba ya shaba. Glandi ya shafti ya propela lazima iachiwe tone moja moja ili isiungue, lakini ya usukani inaweza kukaa kavu kabisa, maana shafti yake haizunguki. Inageuka nyuzi kama 35 kila upande na kurudi. Kwa hiyo mtu akikwambia usukani kuvuja kidogo ni kawaida, usimkubalie.

Boti ninayoikumbuka kuliko zote ilijengwa Uingereza miaka ya 1970: futi 36, fibaglasi, injini 2 za dizeli, sukani 2. Mwenyewe alikuwa mzee aliyepeleka watalii kuvua. Nahodha wake ndiye aliyenijia.

"Fundi, pampu ya ngama hailali. Tukitoka ni kavu, tukirudi maji yanakaribia betri."

"Hamjaigusa?"

"Alikuja mtu akaikaza nati. Sasa stelingi ni nzito, na maji ni yale yale."

Ilikuwa msimu wa kusi, bahari ya nje imechafuka, kwa hiyo tuliijaribu ndani ya hori. Nikashuka tezini, nikalala kifudifudi kati ya matangi, nikazifuta glandi zote mbili kwa tambara mpaka zikakauka. Nahodha alipoongeza moto tezi ikakaa, na glandi ya kulia ikaanza kutoa jasho. Nikampigia ukelele akate kushoto. Shafti ikalala upande, kwa upana wa ukucha tu, na maji yakaruka. Alipokata kulia, yakaruka upande wa pili. Nikasogeza tochi chini kwenye flenji, na hapo nikaona uzi mwingine wa maji, ukipenya chini ya silikoni iliyopakwa juu juu.

Aliyeikaza ile nati simlaumu kwa kukaza. Namlaumu kwa kutolala mle ndani kwanza. Kukaza nati juu ya bushi iliyoliwa ni kuisugua shafti kwa nguvu zaidi mahali pale pale, na mwenye boti analipa mara ya pili kwa ubovu alioongezewa.

Usukani hautolewi boti ikiwa majini. Shafti ikishuka, tundu linabaki wazi. Tulingoja bamvua. Pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ami alihesabu kwa mwezi peke yake. Mimi huhesabu kwa mwezi kisha nikafungua jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Ukikipandisha chombo kileleni mwa bamvua, maji ya siku zinazofuata hayakifikii tena. Yanazidi kupungua mpaka maji mafu, na wewe una karibu wiki mbili za kufanya kazi pakavu. Ila lazima uhakikishe kwenye jedwali kwamba bamvua linalofuata litafika lilipofika hili, la sivyo chombo kitakwama mchangani kikingoja maji makubwa mengine, na watalii wameshaandikwa.

Tukaisimamisha kwa magadi pande zote mbili. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, nilizitia alama kana zote mbili na chuma kinachoziunga, kwa sababu zikirudi na hitilafu ndogo tu sukani zitavutana na boti haitakwenda sawa. Kisha tukachimba. Usukani hutoka kwa kushuka, na shafti ni ndefu, basi lazima chini yake pawe na shimo la kuumeza wote. Vijana walichimba mpaka viunoni, mchanga ukiporomoka, wakaupigia kingo za mbao.

Shafti ilipotoka niliifuta kwa mafuta ya taa nikaiweka juani. Ilikuwa ya stenlesi, milimita 38. Juu na chini ilikuwa inang'aa. Pale ilipokaa pakingi palikuwa na mkanda wa kijivu wenye vishimo vyeusi, vingine vya kuingia ncha ya sindano. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka juu kwenda chini, taratibu: ukateleza, ukateleza, ukanasa. Stenlesi hujilinda kwa ngozi nyembamba inayohitaji hewa. Maji ya chumvi yakilala chini ya pakingi bila kutembea, hewa ile inakwisha, ngozi inafunguka na chuma kinaanza kuliwa. Pakingi yenyewe niliichokoa kwa ndoano: nyeusi, ya grafaiti, ile inayouzwa kwa ajili ya pampu za viwandani. Ndani ya maji ya bahari grafaiti inakichokoza chuma inachogusana nacho kiliwe upesi zaidi. Nimelisema hili kwa wenye maduka, kwa manahodha na kwa kila kijana aliyejifunza kwangu, na sitaacha kulisema.

Bamba la usukani lilikuwa limefungwa kwa bolti, na hilo lilituokoa, kwa kuwa shafti peke yake iliweza kuingia kwenye mashine ya mkerezaji Mombasa. Kuijaza kwa weldingi sikutaka. Joto hupinda shafti. Aliikereza mpaka vishimo vyote vikaisha, ikabaki milimita 36. Zile mbili zilizotoka nilizifikiria usiku kucha, maana ndizo nguvu za shafti, nikakubali kwa sababu boti ile haikuwa ya mwendo mkali na mwenyewe hakuwa na fedha za shafti mpya. Bushi tulikereza za asetali. Nailoni ni rahisi kupatikana, lakini hunywa maji ikavimba, na bushi ikivimba usukani unashika ukiwa katikati ya mawimbi.

Kulikuwa bado na ule uzi wa maji chini ya flenji. Niligonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, nimetega sikio kama nilivyofundishwa, na kuzunguka bomba lile sauti ikawa butu. Plaiwudi iliyokalia flenji ilikuwa imeoza. Niliitoa kwa kijiko. Tuliondoa mpaka penye uzima, tukaacha pakauke, tukajenga msingi mpya wa fibaglasi na epoksi, na flenji ikakalia silanti ya boti, si silikoni.

Pete za pakingi nilizikata kwenye kipande cha bomba chenye unene wa shafti, kila moja ncha zake zimekatwa mshazari, na nikaziingiza moja moja, kila kiungo kikitazama upande tofauti na cha chini yake ili maji yasipate njia moja ya kupanda. Kwa kuwa shafti ya kulia ilikuwa imepungua, glandi yake ilitaka pakingi nene zaidi. Nilichukua ya milimita 8, nikaiviringisha chini ya bomba mpaka ikaingia. Nati nikaikaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Bamvua lilipoiinua boti, nahodha aligeuza stelingi kwa kidole. Tulizunguka hori kwa moto wote, kona kwa kona, nami nimelala tezini na tambara langu. Nililirudisha kavu.

Mzee baadaye aliiuza. Mwenyewe wa sasa yuko Mtwapa, na kabla ya msimu alinipigia simu kuuliza kipimo cha pakingi. Nikamwambia ya kushoto ni milimita 6, ya kulia ni 8, zote za kitani. Asikubali kuuziwa ya grafaiti, na aanze kuikagua ya kulia.