Nzi Tuliowachagua Mtoni Thego

Baba yangu hakuwahi kumiliki ufito wa kuvulia, lakini ndiye aliyenifundisha kuchagua nzi wa bandia. Kazi yake ilikuwa kuwabebea mizigo wageni waliokuja kuvua trauti mtoni Thego, upande wa Nyeri, na jioni kuwapasua na kuwasafisha samaki waliopatikana. Wageni walikuwa na vikopo vya bati vilivyojaa nzi wa kila rangi, yeye alikuwa na kisu. Siku zile nzi alichaguliwa kwa mazoea: kilichomfaa mtu kwao Ulaya ndicho alichofunga kwenye mshipi hapa.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua, na kituo cha kuwazalisha kikajengwa Kiganjo. Samaki walipohamia, desturi za kuwavua zilihamia nao. Nzi niliowaona vikoponi nikiwa mtoto walibuniwa kwa ajili ya maji ya Uingereza na Uskoti: Peter Ross mwenye kifua chekundu, Invicta wa manjano, Coachman mwenye mabawa meupe na mwili wa nyuzi za unyoya wa tausi. Kule kila mdudu ana msimu wake, na mvuvi akijua mwezi anaweza kukisia kinachoruka juu ya maji. Kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, wadudu wa mtoni hutoka kidogo kidogo mwaka mzima. Kinachobadilisha mambo ni mvua.

Nzi hao wa rangi walinasa samaki, sikatai. Maji yashukayo kutoka Mlima Kenya ni ya baridi na chakula ndani yake si kingi, kwa hiyo trauti mwenye njaa hurukia chochote kinachong'aa mbele yake. Wengi waliridhika na hilo.

Baba hakuridhika. Jioni moja aliniita nyuma ya jiko. "Njoo uone, mwanangu." Alikuwa amelitoa tumbo la samaki mmoja, akalichana, akamimina yaliyomo kwenye sahani nyeupe yenye maji. Mwanzoni niliona uji mweusi tu. Akaukoroga taratibu kwa ncha ya kijiti, na vitu vikaanza kuachana: mabuu waliokuwa bado ndani ya ala zao za mchanga, zilizogandishwa punje kwa punje kama ukuta wa mawe, vidudu vyembamba vya kahawia vyenye mikia mitatu, gando la kaa wa mtoni, siafu wawili walioanguka kutoka kwenye majani. Hapakuwa na chekundu wala cha manjano. Karibu kila kitu kilikuwa cheusi au rangi ya udongo, na karibu kila kitu kilitoka chini ya mawe.

Nadhani ndiyo sababu Kenya Bug alipendwa sana na waliovua mito yetu kwa muda mrefu. Ni nzi mweusi, mnene, asiye na urembo, na ukimtazama mkononi huwezi kusema anaiga mdudu gani. Majini anafanana na nusu ya vile vilivyokuwa kwenye sahani ya baba. Maji yakiwa ya rangi ya chai baada ya mvua, sijaona anayemzidi.

Nilipokua nilipata kazi Nairobi, katika karakana ya kufunga nzi. Wasomaji wengi hawajui kwamba Kenya hufunga nzi wa kuuzwa Ulaya na Marekani, na kwamba mikono inayowafunga mara nyingi ni ya watu ambao hawajawahi kuvua. Tulifunga kwa dazeni, kwa kufuata sampuli, na msimamizi alipima urefu wa mkia kabla ya kukubali. Hapo ndipo nilipokutana na nzi aliyebadilisha kabisa namna yangu ya kuchagua: Pheasant Tail wa Frank Sawyer, mtunza mto Avon huko Wiltshire, aliyeandika kitabu juu ya mabuu wa majini mwaka 1958. Sawyer hakutumia uzi. Alitumia waya mwembamba wa shaba, akausokota pamoja na nyuzi chache za unyoya wa mkia wa fezanti, akazungushia kwenye ndoana, akarudi nyuma na mbele mpaka kifua kikatuna. Waya huo hufunga, na papo hapo huwa ndio uzito wa kumzamisha nzi. Nilipommaliza wa kwanza nilimweka kiganjani nikamtazama muda mrefu. Alikuwa kile kidudu cha mikia mitatu, yuleyule.

Likizo niliyorudi nyumbani nilianza kuinua mawe kabla ya kufungua kikopo. Jiwe likiwa na mabuu wengi wa ala, nafunga nzi mnene. Likiwa na vile vyembamba, natumia wa Sawyer. Siku hizi vijana wanamtia shanga ya tangsteni kichwani ili afike chini haraka, nami nawaunga mkono, maana kwenye maji ya kasi nzi asiyefika chini hana faida.

Lakini ninachokiona chini ya mawe kimepungua. Ndoana nilizotumia zamani zilikuwa namba 10. Sasa wakati wa kiangazi nashuka hadi namba 16, ambayo ni ndogo zaidi, kwa sababu maji ni membamba na maangavu na samaki anamwona mvuvi kutoka mbali. Upande wa Nanyuki hali ni mbaya kuliko kwetu. Mito ya Naro Moru na Burguret huvutwa sana kwa mifereji na pampu, hata sehemu za chini hukauka miezi ya jua. Trauti anahitaji maji ya baridi yenye hewa. Yakipungua yanapata joto, na wadudu huondoka kabla yake.

Hakuna nzi wa kutibu hilo, hata afungwe vizuri namna gani. Ninawaomba wenye mashamba huko juu, wakubwa kwa wadogo, wachote kile tu walichoruhusiwa na vyama vya watumiaji maji, na kiangazi wafunge pampu usiku ili mto upate kupita.